Pikipiki haijigongi yenyewe

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho kuandika humu ilikuwa Julai, siku mbili kabla ya kwenda fildi, na kuna watu wameshaanza kuniuliza pale kafeteria kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, nimepanda mwaka wa tatu salama salimini. Nilikuwa tu sina raha ya kuandika, na leo nitawaambia kwa nini. Shika chai yako, maana ni ndefu kidogo.

Ni habari ya pikipiki yangu. Mnaonifahamu mnaijua, ile Boxer nyekundu ambayo nikipita nayo Yombo mnaniita "Posta". Kwa ambao hamnifahamu: niliinunua mkono wa pili mwaka jana kwa 1,450,000. Laki nane na nusu alinikopesha kaka yangu, zilizobaki nilizikusanya mwenyewe kwa mihula miwili ya kula ugali maharage mchana na usiku. Naitumia kuwachukulia wanafunzi mizigo yao Kariakoo: viatu, mabegi, chaja za laptopu, nguo za mahafali. Mtu ananilipa 3,000 au 4,000, mimi napunguza deni la kaka kidogo kidogo, na kinachobaki ndiyo fotokopi na bando. Kwa hiyo nikisema pikipiki, elewa nasema mtaji. Siyo urembo.

Sasa mnajua likizo ndefu inavyokuwa. Unatoa virago hosteli, unajua mwenyewe pa kuvipeleka. Mimi fildi nilipangiwa Iringa, wiki 8. Kuipakia kwenye basi ni gharama, na kuiendesha mwenyewe kilomita karibu 500, tena Boxer ya mkono wa pili, ni kujitafutia matatizo. Kuiacha chini ya miti nyuma ya hosteli, nani ataiangalia? Nikampigia simu Baba Mdogo anayekaa Kimara. Ana nyumba yenye uzio na geti, na nyuma kuna kibanda cha bati walikokuwa wanafugia kuku. Hakuniuliza hata swali moja. "Ilete mwanangu, hapa si kwenu?"

Niseme mapema kabisa: Baba Mdogo ni mtu mwema kwangu. Mwaka wa kwanza mkopo ulipochelewa ni yeye aliyenisaidia, na nilikaa kwake mwezi mzima nikila na kulala bila mtu kunihesabia. Nasema hivi ili ukisoma huko chini usije ukadhani nawachukia watu wa nyumba ile. Nawapenda. Ndiyo maana inauma.

Niliiacha kama mtu anayejua thamani ya kitu chake. Tangi nilijaza mpaka juu, kwa sababu tangi tupu likikaa muda mrefu linashika kutu kwa ndani. Nikaiweka kwenye stendi kubwa ili tairi zisikae na uzito wote sehemu moja. Nikafunga koki ya mafuta, nikachomoa waya wa hasi wa betri ili chaji isiishe, nikafunga usukani, nikafunika na turubai. Halafu, kwa vile nilikuwa nimetoka kubadilisha oili, nikapiga picha ya kilomita kwa simu kama kawaida yangu: 23,418. Picha ile sikuipiga kwa kumshuku mtu yeyote.

Ufunguo mmoja nilimwachia Mama Mdogo. Nikamwambia ni wa dharura, labda itokee moto au mvua iingie kibandani, muweze kuisogeza. Kingine chochote sikusema. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Basi bwana, nikarudi Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba. Nimeshuka Kimara Mwisho na begi la fildi na kiroba cha viazi, zawadi ya nyumbani. Shikamoo, marahaba, chai, mkate, habari za Iringa, baridi ya huko vipi. Nikasema ngoja nikamsalimie mnyama wangu. Nikaenda nyuma, nikafunua turubai.

Kwanza nilidhani ni macho yangu. Saiti mira ya kushoto haipo. Siyo kwamba imevunjika, haipo kabisa, limebaki tundu. Mkono wa klachi umepinda kama ndoano. Indiketa ya mbele ya kushoto inaning'inia kwa waya. Kioo cha taa kina ufa. Nikaipanda, nikanyoosha tairi la mbele, usukani ukabaki unaangalia Mbezi! Nikapapasa tangi upande wa kushoto, nikakuta mkwaruzo mrefu, na juu ya mkwaruzo mtu amepaka rangi nyekundu. Nikaikwangua kwa ukucha, ikabanduka. Wadau, ilikuwa rangi ya kucha!

Sijui kama niliwahi kutaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja kama siku ile.

Waya wa betri ulikuwa umerudishwa na kukazwa vizuri tu. Mafuta yameshuka karibu nusu. Nikasoma kilomita: 23,655. Nikatoa simu, nikaangalia picha yangu ya Julai, nikatoa hii kwa hii. Kilomita 237. Hiyo ni zaidi ya kutoka Dar mpaka Morogoro. Na kibanda chenyewe kina urefu wa hatua nne.

Nikarudi ndani. Nikajitahidi sauti iwe ya kawaida.

"Baba Mdogo, samahani, naona kama pikipiki ilianguka?"

"Ilianguka?" Akapunguza sauti ya televisheni. "Mbona mimi sijui. Mama, eti pikipiki ilianguka?"

"Mimi huko nyuma siendi," Mama Mdogo akajibu kutoka jikoni. "Labda ule upepo wa mwezi wa nane."

Upepo. Yaani Kimara kuna upepo unavunja saiti mira halafu unaondoka nayo.

Nikawageukia wadogo zangu wawili. Ni watoto wa Baba Mdogo, mmoja yuko cha sita mwingine cha nne, na kwetu mtoto wa baba mdogo ni mdogo wako kabisa, hakuna habari ya binamu hapo. "Sisi tulikuwa shule," wakajibu kwa pamoja kama kwaya.

Nikauliza ufunguo. Ulikuwepo, umetundikwa kwenye msumari karibu na kalenda, mahali ambapo kila anayekwenda jikoni anauona. Hakuna aliyeuchukua. Hakuna aliyeurudisha. Nikaambiwa nile kwanza.

Jumatatu yake nikaisukuma, maana haikuwa ya kuendesha ile, mpaka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara ambaye huwa namkimbilia. Akaizunguka mara mbili bila kusema neno, akachuchumaa upande wa kushoto, akanyanyua kichwa: "Dogo, hii haijaanguka ikiwa imesimama."

Akanipa somo ambalo sikuwahi kulipata darasani. Pikipiki ikidondoka kutoka kwenye stendi, alisema, inaumia pale tu ilipogusa chini: ncha ya mkono wa klachi, saiti mira, pengine pembe ya tangi, na alama yake inakuwa sehemu moja kama kidonda. Yangu ilikuwa na mistari. Inaanzia mbele inakwenda nyuma, kwenye tangi, kwenye kifuniko cha injini, mpaka kwenye stepu ya kukanyagia ambayo nayo imekunjwa kuelekea nyuma. Mistari maana yake iliburuzika chini ikiwa kwenye mwendo. Halafu shokapu. Zile bomba za mbele hazipindi kwa kudondoka tu, zinapinda kwa kugonga kitu. Akainama kwenye madigadi ya mbele, akaniita nione. Pembeni kulikuwa na rangi ya bluu imeng'ang'ania.

"Uligonga gari?"

"Mimi nilikuwa Iringa."

Fundi akanitazama, akaguna, akaendelea kufungua boliti. Mafundi wameona mengi.

Bili ilikuja hivi: taa 35,000, kunyoosha bomba za shokapu pamoja na sili na oili yake 45,000, saiti mira 12,000, mkono wa klachi 6,000, indiketa 7,000, ufundi 30,000. Jumla 135,000. Hela ya kula kwenye bumu ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku. Kwa hesabu hiyo hapo nimekula hewa siku kumi na tatu na nusu! Bima? Yangu ni ile ndogo ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamtaka kila mwenye chombo awe nayo. Hiyo inalipa hasara uliyomsababishia mwingine. Chako mwenyewe kikipinda, unanyoosha mwenyewe.

Lakini hela siyo iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni ile rangi ya bluu.

Kama ni gari, sawa, chuma kwa chuma. Je, kama kulikuwa na mtu? Mama anayevuka barabara na ndoo ya samaki? Mtoto wa shule? Barabara ya Morogoro pale Kimara mnaijua, watu wanavuka mbio mbio. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, amsaidie aliyeumia, na atoe taarifa polisi. Huyu wetu alisimama wapi? Alitoa taarifa gani? Na jina lililoandikwa kwenye kadi ya pikipiki ni langu mimi. Mtu akiwa ameikariri ile namba, polisi hawaendi kumtafuta "hatujui" wa Kimara, watanitafuta mimi hapa hosteli. Wakiniuliza nani alikuwa nayo siku hiyo, nitajibu nini? Sijui. Jibu langu litakuwa lile lile nililopewa mimi, na nadhani polisi wataliamini kama mimi nilivyoliamini.

Nikaingia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, nikaweka namba. Hakuna deni. Nikashukuru, lakini nusu nusu. Mfumo ule unakuonyesha aliyekamatwa. Aliyekimbia haumwonyeshi.

Halafu kuna yule aliyekuwa anaendesha. Mtu aliyeburuzika na pikipiki kwenye lami namna ile, lazima goti au kiwiko kilichubuka. Ina maana kuna mtu, mle ndani au karibu na mle ndani, alikaa na kidonda chake wiki kadhaa amevaa suruali ndefu. Angeweza kupata tetenasi. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Tungempoteza mtu kwa sababu ya saiti mira ya 12,000?

Jumapili iliyofuata nikarudi Kimara. Nikangoja wote wakae, nikaongea kwa adabu kabisa. Nikasema sitaki hela, sitaki mtu agombezwe, nataka tu kujua iligonga nini na kama kuna mtu aliumia. Basi.

Kimya. Unasikia saa ya ukutani. Halafu Mama Mdogo akasema, "Ni huyu kijana."

Kijana ni kijana wa kazi. Ana miaka 19, ametoka Singida, anaosha gari, anamwagilia maua, anafungua geti, analipwa 80,000 kwa mwezi. Analala chumba cha nje, hatua kama kumi kutoka kibandani. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Si yeye ndiye anashinda huko nyuma siku nzima? Tutamkata mshahara. Akibisha aende kwao."

Jagi likaanza kutetemeka. "Mama, naapa, mimi hata kuiwasha sijui. Kaka, wewe si unajua?"

Na kweli najua. Julai tulipokuwa tunaiingiza kibandani alinisaidia kusukuma, akaishika upande wa ekzosi iliyokuwa bado ya moto, nikamvuta asiungue. Hata stendi kubwa alikuwa hajui inashushwaje. Huyo ndiye aliyefungua usukani, akaunganisha betri, akafungua koki, akaendesha kilomita 237 na geti akajifungulia mwenyewe bila mtu kusikia? Na rangi ya kucha aliitoa wapi, kwenye ndoo ya maua?

Nikawaangalia wote mmoja mmoja. Hakuna aliyeniangalia.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wiki nzima kilikuwa kinanisumbua. Swali likikosa jibu ndani ya nyumba haliishi. Linazunguka linatafuta pa kutua, na linatua kwa yule aliye chini kuliko wote, asiye na shangazi wala mjomba wa kumsemea pale sebuleni. Nilikuwa na njia mbili tu. Niendelee kuuliza, na kijana wa watu apoteze mshahara wa karibu miezi miwili au kazi kabisa, kwa kosa ambalo mimi silioni kwake. Au ninyamaze.

Nikasema, "Basi Mama Mdogo, yaishe. Siyo yeye, na mimi simdai mtu."

Ukasikia nyumba nzima inashusha pumzi. Chakula kikaletwa, wali na samaki wa nazi. Kilikuwa kitamu kweli, ila sikumaliza.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana najua mpaka hapa wengine mmeshaanza kuandaa maoni. Nimewasimulia washikaji hapa chuoni na nimepata kambi tatu.

Kambi ya kwanza inasema nenda polisi, sheria ni msumeno. Nawaheshimu, lakini fikirieni wenyewe. Polisi wakifika pale, wa kwanza kubebwa ni nani? Mnamjua. Ni mwenye jagi.

Kambi ya pili, ambayo kiongozi wake ni rumeti wangu, inasema pikipiki ni chuma na ndugu ni ndugu. Baba Mdogo alikusaidia ulipokwama, leo kwake kumepinda saiti mira, mmemalizana. Hii nimeifikiria sana, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Baba Mdogo hakunisaidia ili siku moja nimlipe kwa kufumba macho. Alinisaidia kwa sababu mimi ni mwanae. Nikianza kusema ule msaada ulikuwa deni, na saiti mira ndiyo marejesho, hapo ndiyo nitakuwa nimemtukana kweli kweli.

Kambi ya tatu inasema mjinga ni mimi, ufunguo niliuacha wa nini? Hawa wana nusu ya ukweli, na nusu yao naikubali. Niliona aibu. Mtu kanipa sehemu bure, kasema hapa ni kwenu, mimi nianze kumwekea masharti, kwamba jamani msiiguse? Nikajiona nitaonekana nina dharau. Kwa hiyo sikusema wanaweza kuitumia, wala sikusema wasiitumie. Labda kuna mtu mle ndani aliona pikipiki ya kaka yake imekaa bure, tangi limejaa, ufunguo uko ukutani, akajiambia si ya kwetu hii? Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu lilikuwa picha moja ya kilomita ambayo hakuna mwingine aliyejua kama ipo.

Ila kuna tofauti ya kuchukua na kunyamaza. Kuchukua bila ruhusa nitasamehe leo hii, hata kugonga nitasamehe. Pikipiki inagongwa, hata mimi mwenyewe nimeshaanguka nayo mara mbili, moja hapo hapo kwenye mteremko wa Ubungo na mnajua mlivyonicheka. Kinachonishinda ni kusamehe kitu nisichokijua. Nasamehe nini sasa? Upepo?

Sisi watu wa huku tuna neno zuri sana, "yaishe". Limezuia ndoa nyingi kuvunjika na ndugu wengi kupelekana mahakamani, silidharau. Lakini yaishe ni neno la mwisho. Linasemwa baada ya mtu kusema nilichukua, niligonga, nisameheni. Sisi tumelifanya neno la kwanza. Tunaanza na yaishe kabla hata hayajasemwa, halafu tunashangaa kwa nini misibani ndugu wanakaa mikeka tofauti. Hayakuisha yale. Yalifunikwa turubai.

Na niwe mkweli, mimi nami si malaika. Nikiwa darasa la sita nilichukua baiskeli ya babu bila ruhusa, nikaipeleka mtoni, nikapinda ringi. Nikairudisha ukutani kimya kimya. Babu akamshuku mtoto wa jirani ambaye alikuwa anapenda kuizungukazunguka, na tangu siku hiyo akapigwa marufuku kukanyaga kwetu. Alikuwa rafiki yangu. Sikusema kitu kwa sababu naogopa fimbo. Babu amefariki bila kujua.

Kwa hiyo huyu wa Kimara namwelewa kuliko anavyodhani. Hanyamazi kwa sababu ana roho mbaya. Ananyamaza kwa sababu tangu utoto ameona kwamba anayesema ukweli ndiye anayechapwa, na anayenyamaza analetewa wali na samaki. Mtoto anajifunza haraka hesabu hiyo. Halafu anakua nayo, anakwenda nayo kazini, anakuwa bosi nayo. Tukisikia ofisi fulani hela imepotea na aliyefukuzwa ni mfagiaji, tunasema ufisadi huo. Mimi sasa hivi nadhani somo lilianzia sebuleni.

Mwenye kosa la kugonga ni mmoja, na simjui, ndiyo maana simtaji hata kwa kumkonyezea. Lakini kosa la kumsukumia kijana wa kazi lilikuwa la sebule nzima, na mimi nilikuwemo. Maana mimi nilisema "siyo yeye" halafu nikala. Sikusema "basi tusimame hapa mpaka tuombe radhi kwa huyu kijana". Niliona aibu tena. Aibu hii itatumaliza.

Nimejiwekea utaratibu, na kama na wewe una kitu unataka kukiacha kwa ndugu likizo ijayo, iwe pikipiki, friji au hata godoro, uchukue. Kwanza, sema kwa mdomo wako kama kinatumika au hakitumiki, na kama kinatumika ni nani. Ndugu mwenye nia njema hachukii kuambiwa. Pili, kipigeni picha pamoja, wewe na mwenyeji, mkicheka, siyo wewe peke yako kwa kujificha kama mpelelezi. Tatu, ufunguo ondoka nao. Nne, na hili ndilo kubwa, toa ahadi kabla hakijatokea kitu: "Kikiharibika nipigieni siku hiyo hiyo, sitagomba." Halafu siku ukipigiwa, usigombe kweli. Meza mate, sema asante kwa kuniambia. Ukigomba siku hiyo moja tu, hutapigiwa tena maisha.

Na wewe unayetunziwa imani na mtu, kitu chake kikipata shida mikononi mwako, sema kabla hajafunua turubai. Akiambiwa mapema anaudhika siku moja. Akikuta mwenyewe anaanza kuwatazama ninyi nyote kwa jicho la pembeni, na jicho lile halirudi haraka.

Mpaka leo sijui iligonga nini. Nimepita pale Kimara kwenye vijiwe vya bodaboda mara mbili, nikauliza kama kuna ajali ya Boxer nyekundu mwezi wa nane au wa tisa, hakuna anayekumbuka. Nitauliza tena. Kijana wa kazi bado yupo, nilimkuta anafagia, akanisalimia akiangalia chini, utadhani yeye ndiye mwenye deni. Nikamwambia pole. Nilitakiwa kuisema siku ile mbele ya wote.

Juzi usiku simu ikalia, ujumbe wa hela: 50,000 kutoka kwa Baba Mdogo. Nikapiga kushukuru. "Ya mafuta hiyo mwanangu," akasema, akauliza masomo, akakata. Tulivyoongea nilihisi kuna sentensi alitaka kuisema ikaishia kooni. Au labda ni mimi tu natamani iwe hivyo. Hela nimeipokea kwa mikono miwili. Sentensi bado naisubiri, na siku ikija, hata ikija baada ya miaka kumi, nimejiapiza sitagomba.

Nami nimemwomba mama anitafutie namba ya yule mtoto wa jirani. Sasa hivi ni mtu mzima, nasikia anauza vipuri vya baiskeli, Mungu naye ana utani wake. Nina maneno naye ya ringi moja.

Haya wadau, nawaachia uwanja. Kama yamewahi kukupata, tuambie mlimalizaje, na usitaje jina la mtu. Jumatatu nina tesiti ya takwimu na sijafungua daftari. Wa mizigo ya Kariakoo nipeni oda zenu kabla ya Ijumaa, Posta amerudi barabarani. Mtanitambua tu, saiti mira zangu sasa hazifanani.